Buibui wa Idarani: Maelezo Machache Kuhusu Kufuga na Kupiga Picha Tarantula

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu habari za ngeli, fasihi simulizi na maandalizi ya mitihani. Safari hii tunaomba radhi, kwani tutazungumzia buibui. Sababu ni kwamba kila mgeni anayeingia ofisini kwetu hapa Kamukuzi husimama mbele ya picha 4 zilizobandikwa ukutani karibu na ratiba ya vipindi, na swali huwa ni lile lile: "Huyu mdudu mlimtoa wapi, na mlimfanya nini hata akatulia apigwe picha?" Tumejibu kwa mdomo hadi tumechoka. Sasa tunajibu kwa kalamu, ili atakayeuliza tena tumwoneshe jarida.

Buibui huyo alikuja kwetu wakati wa mvua za Septemba. Mmoja wa wanafunzi wetu, kijana aliyezaliwa Bukavu na ambaye familia yake inaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, aliingia darasani na ndoo ndogo ya rangi iliyofungwa kwa kitambaa. Akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Mwalimu, nimekuletea mududu. Ni mukubwa sana, na eko na manyoya kama paka." Walikuwa wakichimba shimo la choo nyuma ya nyumba, jembe likabomoa tundu lililotandazwa hariri nyeupe, na ndani yake akatoka buibui wa kahawia mwenye upana wa kiganja cha mtoto. Tulipofungua kitambaa, nusu ya darasa ilikuwa imekwisha kupanda juu ya madawati. Kijana mmoja wa hapa Mbarara alivua kandambili tayari kwa kazi. Aliyemzuia ni mwanafunzi wa Kisomali, naye pia ni mkazi wa Nakivale. Alisimama mbele ya ndoo na kusema kwamba kwao buibui hauawi, kwa sababu ya yule aliyetanda utando kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume. Tuliokulia karibu na Waislamu tunakijua kisa hicho. Hivyo ndivyo buibui alivyopona siku ya kwanza.

Siku hiyo somo lilikuwa upatanisho wa kisarufi, na mgeni alitufaa kuliko ubao. Kwa wanafunzi waliojifunza Kiswahili shuleni tu, neno "buibui" lina mtego. Buibui amejificha, lakini buibui limechanika: wa kwanza ni kiumbe hai, la pili ni vazi jeusi la wanawake wa pwani. Wanafunzi wa Nakivale wenye asili ya Rwanda walitupa "igitagangurirwa", Waganda wakatupa "nnabbubi", na mwenye kandambili akauliza kama kuna neno la Kiswahili la buibui mkubwa wa aina ile peke yake. Hatukuwa nalo. Wazungumzaji wengi husema "buibui mkubwa", na wanaofuga husema "tarantula".

Neno hilo lenyewe limesafiri vibaya. Asili yake ni mji wa Taranto kusini mwa Italia, na buibui aliyeitwa hivyo kwanza ni wa jamii nyingine kabisa, mwenye kukimbia na kuwinda juu ya ardhi bila kutega utando. Watu wa huko waliamini kwamba aliyeumwa naye hupona kwa kucheza ngoma kali hadi jasho limtoke. Baadaye Wazungu walipofika Amerika na kukuta buibui wakubwa wenye manyoya, waliwapachika jina walilokuwa nalo mkononi. Kwa upande wetu wa dunia, Waingereza waliwaita ndugu hao wa Kiafrika "buibui nyani", kwa sababu miguu yao yenye manyoya na nyayo nyeusi iliwakumbusha vidole vya nyani. Darasa lilipiga kura, "buibui nyani" likashindwa kwa kura 3. Katika makala haya basi tutasema tarantula, kwa upatanisho wa a-/wa-.

Jamii ya tarantula ina spishi zaidi ya 1,000 duniani. Katika Afrika Mashariki anayejulikana zaidi kwa wafugaji ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kisayansi na Mwingereza Pocock mwaka 1897. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini. Walio wengi wana rangi ya udongo au majani makavu, lakini kuna wenye rangi ya chungwa lililoiva, na hao ndio walioenea katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa jina la Usambara. Sisi wa lugha tulifurahi kugundua kwamba "murinus" kwa Kilatini ni mwenye rangi ya panya. Mwingine ni Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mnene, mwenye miguu ya nyuma minene kama ya kiti, ambayo anaitumia kuchimba udongo mgumu. Huyo akichokozwa husuguanisha nywele za miguu yake na kutoa sauti ya kukwaruza. Wetu hatukumpachika jina la spishi. Mwenzetu wa idara ya biolojia alitueleza kwamba tarantula wengi hawatambuliki kwa picha, na mara nyingi lazima viungo vyao vya uzazi vitazamwe kwa hadubini.

Tarantula wa Afrika wanatofautiana na wengi wa Amerika katika jambo moja ambalo mfugaji hana budi kulijua. Wale wa Amerika, aghalabu, hujikinga kwa kupangusa tumbo kwa mguu wa nyuma na kurusha nywele laini zinazowasha, ambazo zikiingia machoni huleta madhara. Wa kwetu hawana nywele hizo. Silaha yao ni mbio, na mbio zikishindikana, chonge. Kuumwa na Pterinochilus kunauma vibaya, sehemu iliyoumwa huvimba, na misuli inaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kilitokana na sumu ya tarantula, lakini hiyo si sababu ya kumchukua mkononi. Sisi hatukumshika hata mara moja. Tulimhamisha kwa kopo pana la plastiki na kipande cha kadibodi, kama mtu anayetoa nyuki nyumbani.

Na kutomshika ni kwa faida yake pia. Tumbo la tarantula ni kama mfuko mwembamba uliojaa maji. Akianguka kutoka kimo cha meza hadi sakafu ya saruji linaweza kupasuka, na huo ndio mwisho. Hapa tulifanya kosa letu la kwanza. Tulimweka katika tangi refu la kioo lililokuwa na samaki zamani, tukaweka udongo wa vidole viwili na matawi ya kupamba. Alipanda kioo usiku kucha. Kwa bahati hakuanguka. Anayechimba anahitaji udongo mwingi na nafasi ndogo juu yake: tuliujaza udongo mwekundu ulioshindiliwa hadi theluthi mbili ya tangi, tukatoboa tundu la kuanzia kwa mpini wa ufagio, tukaegemeza gamba la mti mlangoni. Kesho yake asubuhi kulikuwa na rundo la udongo nje ya tundu na buibui haonekani. Wageni walilalamika kwamba tunafuga udongo. Ndivyo ilivyo, mwenye kutaka mnyama wa kutazamwa mchana na afuge kuku.

Maji tulimwekea katika kifuniko cha chupa ya soda. Chakula kilikuwa kazi zaidi ya tulivyodhani, si kwa wingi, maana mtu mzima hutosheka kwa mende au nyenje mmoja kwa wiki na anaweza kukaa miezi bila kula, bali kwa usalama wa chakula chenyewe. Eneo letu ni la ng'ombe na migomba. Ng'ombe hunyunyiziwa dawa ya kupe, bustani hupigwa dawa ya wadudu, na dawa iliyotengenezwa kuua kupe haichagui: kupe na buibui ni ndugu wa karibu. Panzi aliyeokotwa kando ya zizi anaweza kuwa amebeba sumu isiyomdhuru anayemwona lakini itakayomuua atakayemla. Tukaamua kufuga mende wetu wenyewe ndani ya ndoo yenye trei za mayai, uamuzi uliotupunguzia marafiki katika jengo hili.

Mwezi Januari buibui akaacha kula. Mende alipita mbele yake akamsogeza kwa mguu. Wiki ya tatu akatandaza hariri nene kama mkeka mbele ya tundu, na Jumatatu moja asubuhi tukamkuta amelala chali juu yake, miguu hewani. Tulihuzunika kuliko tulivyotarajia. Tulikwisha kutwaa karatasi la kumzolea na kopo la taka likawa wazi, ndipo yule kijana wa Bukavu akaingia kuchukua insha yake. Akatazama, akasema: "Mwalimu, huyu hajakufa. Aliyekufa anakunja ngumi."

Alikuwa sahihi, na maelezo yake ya kisayansi ni ya kupendeza. Mguu wa buibui una misuli ya kuukunja, lakini katika viungo vikuu hauna misuli ya kuunyoosha. Hunyooshwa kwa msukumo wa damu yake, kama mpira wa maji unavyonyooka bomba likifunguliwa. Akifa msukumo huisha, misuli ya kukunja hubaki bila mpinzani, na miguu yote hujikunja chini ya mwili. Aliyelala chali miguu ikiwa imetanuka yu hai na yuko kazini: anajivua. Ganda la nje la buibui halikui, kwa hiyo ili akue lazima atoke ndani yake. (Usemi wa "kujivua gamba" ulipata maana nyingine katika siasa za Tanzania mwaka 2011; sisi tunautumia kwa maana ya nyoka na buibui tu.) Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Hapaswi kuguswa, kupuliziwa wala kugeuzwa, na chakula hai kiondolewe, kwani mwili wake mpya ni laini na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna. Hata chonge hutoka nyeupe, na mfugaji husubiri wiki moja au mbili zigeuke nyeusi na kukauka ndipo ampe chakula.

Ganda alilotuachia lilikuwa zima, hata vifuniko vya macho. Mwenzetu wa biolojia alililowesha, akalitandaza na kulitazama sehemu ya tumbo, kwani mifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume huvuliwa pamoja na ganda. Wetu alikuwa jike. Habari hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Dume la tarantula likikomaa, ncha za vipapasio vyake huvimba kama glavu za bondia, huacha tundu na kuzurura kutafuta mke, na baada ya hapo halina maisha marefu. Yule anayeingia sebuleni usiku wa mvua na kupigwa ufagio ni dume msafiri. Jike hubaki tunduni mwake, na katika baadhi ya spishi huishi miaka 20 na zaidi. Huko Australia, buibui wa jamii ya mbali kidogo, mwenye kujenga mlango wa kufunika tundu lake, alifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1974 na kufa mwaka 2016 akiwa na miaka 43. Jike letu basi, huenda lilikuwa katika kilima kile kabla ya mwanafunzi wetu kuvuka mpaka.

Sasa picha. Tulianza na kamera ya idara, ile ya mahafali, na matokeo yalikuwa doa jeusi lenye mng'ao mweupe katikati. Kosa lilikuwa flashi ya mbele. Manyoya ya tarantula hupata umbo kwa mwanga wa ubavuni. Tulizima flashi, tukaweka taa ya mezani kushoto, tukaifunika kwa karatasi nyeupe ya kuchorea ramani ili mwanga ulainike, na upande wa kulia tukasimamisha karatasi nyingine ya kurudisha mwanga kidogo kwenye kivuli. Kuanzia hapo hata simu ya mkononi ilitoa picha nzuri, hasa tulipopachika lenzi ndogo ya kukuzia. Kioo cha tangi huakisi uso wa mpiga picha; dawa yake ni kugusisha lenzi kwenye kioo na kuvaa nguo nyeusi.

Jambo la pili ni kushuka. Anayepiga picha kutoka juu hupata miguu 8 na mgongo, kama picha ya kitabu cha darasa la tano. Shusha kamera hadi usawa wa macho yake. Macho ya tarantula ni 8, yamerundikana juu ya kijilima kidogo mbele ya mgongo, na hayaoni mbali; dunia yake huijua kwa nywele za miguu zinazohisi mtikisiko. Kwa hiyo mlango ukibamizwa chumba cha pili, picha imekwenda. Ukisogeza lenzi karibu hivyo, sehemu inayoonekana kwa ukali haizidi milimita chache. Lenga macho, na miguu ya nyuma iache ififie. Weka kipimo katika picha moja walau. Sisi tulitumia rula, na sarafu ya shilingi 100 pembeni mwa ganda, si pembeni mwa mwenye ganda.

Picha wanayoitaka watu wote ni ile ya buibui aliyeinua miguu ya mbele na kuonesha chonge. Kuipata ni rahisi: mchokonoe kwa kijiti. Tuliipiga moja wiki ya kwanza, na ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Tungekuwa tunajua wakati ule kwamba hiyo ndiyo hatua yake ya mwisho kabla ya kuuma, tusingeipiga. Ya nne ukutani, ile anayokunywa maji akiwa amelaza kifua juu ya kifuniko cha soda, ilitugharimu usiku 6 wa kukaa kimya.

Picha hizo zilituletea pia mgeni tusiyemtarajia. Mwezi wa tatu, mwanafunzi wetu alitueleza kwamba mtu mmoja, aliyeziona picha katika simu ya rafiki yake, alikwenda Nakivale kuwauliza vijana kama wanaweza kumpatia buibui kama yule, hai, na alitaja bei iliyozidi kibarua cha siku mbili. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, kibarua cha siku mbili si jambo la kupuuzwa katika familia ya watu 7. Tukasema, kwa sauti ya ualimu, kwamba haifai. Akatuuliza: "Mwalimu, nsenene wanauzwa barabarani kila Novemba, hakuna anayekamatwa. Mbona huyu?"

Swali lilistahili jibu, si karipio. Tulimjibu kwa namna mbili. Kwanza, nsenene hushuka kwa maelfu kila msimu, huzaa na kufa ndani ya mwaka. Jike la tarantula huchukua miaka kukomaa na haliondoki kwenye tundu lake, kwa hiyo kijana mwenye jembe na wiki moja anaweza kumaliza kilima kizima, na kisijae tena hadi yeye mwenyewe awe na watoto. Pili, sheria. Mwezi Aprili mwaka 2025 watu walikamatwa Kenya na maelfu ya sisimizi wakubwa wanaokusanya mbegu, waliopakiwa ndani ya vijichupa vyenye pamba ili wauzwe kwa wafugaji wa ng'ambo. Vijana wawili wa Kibelgiji walikuwa na takriban 5,000. Tarehe 7 Mei mahakama iliwatoza wao, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Tukamwambia: kama mtalii mwenye pasipoti na wakili alifikishwa hapo, mkimbizi atakayekutwa na ndoo ya buibui atajitetea kwa nini?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Na sisi je? Huyu hapa?"

Hapo ndipo tulipokosa la kusema. Uganda ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na anayetaka kuweka mnyama wa porini anapaswa kwanza kuomba kibali kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Sisi tulimpokea ndani ya ndoo, tukafurahia somo, tukanunua taa, na kibali hatukukifikiria hata siku moja. Tunaandika hili wazi kwa sababu wasomaji wetu wengi ni walimu, na mwalimu ndiye anayeletewa kila kitu ndani ya ndoo. Anayetaka kufuga aanze ofisini kwa wenye mamlaka, au atafute aliyezaliwa kwa mfugaji mwenye hati. Anayetaka picha tu hahitaji tangi hata kidogo. Tochi, usiku wa manane baada ya mvua, na kungoja hatua moja kutoka mlango wa tundu vinatosha. Jike akisikia utulivu hutoka mwenyewe na kukaa mlangoni.

Tulimrudisha Aprili, katika kilima kile kile alikotoka, kwani kumwachia mahali pengine ni kumhukumu yeye na pengine kuwapelekea wenzake maradhi. Tundu lake la zamani lilikuwa chini ya choo. Mwanafunzi wetu alichagua mahali penye nyasi, mita kama 40 juu zaidi, chini ya jiwe lililoinama, akatoboa tundu la mshazari kwa mti wa mwavuli. Tulilaza kopo ubavuni jua lilipokuwa linazama upande wa ziwa. Alikaa mdomoni mwa kopo kama dakika 10, mguu mmoja wa mbele ukigonga udongo, kisha akaingia mara moja. Tulipiga picha moja. Imetoka na ukungu, macho hayaonekani, na ndiyo ya kwanza ukutani kutoka kushoto.